Kano kwa kano: swali la mfasiri kuhusu goti

SWALI: Ninafasiri karatasi ya maelezo kwa wagonjwa watakaofanyiwa upasuaji wa goti. Kamusi niliyo nayo inanipa "kano" kwa kinachounganisha msuli na mfupa, na "kano" hiyo hiyo kwa kinachounganisha mfupa na mfupa. Matokeo yake ni sentensi hii: "Daktari atachukua kano yako ili akutengenezee kano mpya." Mwenzangu ananiambia niandike "tendoni" na "ligamenti" nimalize kazi. Je, yuko sahihi?

JIBU: Nusu yuko sahihi. "Ligamenti" ichukue. "Tendoni" mrudishie mwenyewe, kisha mwombe aisome kwa sauti. Kiswahili kina -ni ya mahali: nyumbani, kazini, safarini. Msikiaji wa "tendoni" atasikia tendo lililopewa mahali, na akiwa mtu mzima atamalizia "la ndoa" kimoyomoyo. "Kipande cha tendoni kitakatwa" si maneno ya kumpa mtu anayesubiri kisu.

Kano basi ibaki na kazi moja, ile ya msuli kushika mfupa. Hapo ndipo neno linapoonekana na kuguswa. Kaa kitini, kunja goti, kandamiza kisigino sakafuni kana kwamba unataka kukivuta nyuma, halafu papasa nyuma ya goti. Kila upande kuna kamba iliyokaza. Hizo ni kano za misuli ya nyuma ya paja. Zile za upande wa ndani, unakopakana mguu na mwenzake, ndizo ambazo mara nyingi daktari huzivuna ili azitumie badala ya ligamenti iliyokatika. Kwa hiyo sentensi yako iwe: "Daktari atachukua kano ya msuli wa paja na kuipandikiza badala ya ligamenti iliyokatika." Mgonjwa anaweza kuigusa hiyo kano huku akisoma.

Wapo wanaopenda "ukano" kwa ligamenti na "kano" kwa ile nyingine. Katika umoja pendekezo hilo linavutia. Lakini wingi wa ukano ni kano, kama ufunguo na funguo, na goti lina ligamenti kuu nne. Ukifika kwenye wingi umerudi pale pale ulipokwama. "Mshipa" nao nakushauri uuache, ingawa watangazaji wa mpira wanaupenda. Mshipa una damu, una fahamu, na wengine wakiugua ngiri husema wana mshipa. Si sisi peke yetu tuliochanganya: neno la Kilatini lililozaa "neva" lilikuwa na maana ya kano, hata uzi wa upinde, kabla halijahamia kwenye fahamu.

Nikuonye pia kwamba mpaka huu hata matabibu huuvuka. Kamba nene inayotoka chini ya pia ya goti hadi mbele ya muundi inaunganisha mfupa na mfupa, kwa hiyo kwa kanuni yetu ni ligamenti. Wapasuaji wengi huiita kano, kwa sababu ni mwendelezo wa kano ya msuli wa mbele ya paja. Wafuate wao. Na kano ikishapandikizwa, kwa miezi mingi mwili huifinyanga upya ikaja kufanana na ligamenti. Sentensi yako ya kwanza haikuwa ya kijinga kiasi hicho.

Hukuuliza kuhusu mbele, nyuma, ndani na nje, lakini naona ndiko utakakoteleza. Katikati ya goti kuna ligamenti mbili zinazopishana kama msalaba. Ya mbele, ambayo ndiyo inayojengwa upya mara nyingi zaidi, ina urefu wa sentimita 3 hivi. Inaitwa ya mbele kwa sababu ya mashiko yake ya chini, sehemu ya mbele ya kichwa cha mfupa wa muundi. Kwa juu imejishika nyuma, kwenye ukuta wa ndani wa kifundo cha nje cha mfupa wa paja. Ukiandika "ligamenti iliyo mbele ya goti", mgonjwa atakamata chini ya pia ya goti, na hapo utakuwa umempotosha. Andika "ligamenti ya msalaba ya mbele", kisha eleza mara moja kwamba iko katikati ya kiungo.

Neno "mashiko" nimelitumia makusudi. Tumezoea hoja yenye mashiko. Hapa linarudi mwilini. Kazi ngumu ya mpasuaji ni kutoboa tundu la pandikizi pale pale yalipokuwa mashiko ya zamani. Kwenye mfupa wa paja kuna kituta chembamba, na mashiko ya ligamenti yako nyuma yake. Asiyekitambua hudhani amefika mwisho wa mfupa, akatoboa mbele mno, na pandikizi likavutwa vibaya goti linapokunjwa.

"Ndani" ndiyo yenye mtego mbaya zaidi. Ligamenti ya ubavuni, upande wa ndani wa goti, haimo ndani ya goti. Imelala pembeni, nje ya uwazi wa kiungo, na mara nyingi hupona bila upasuaji. Ile ya msalaba ya mbele imo ndani hasa, na ikikatika kabisa kwa kawaida ncha zake haziungi zenyewe. Ukiita zote "ligamenti ya ndani", mgonjwa atamwona jirani aliyepona kwa kupumzika akajiuliza kwa nini yeye anapasuliwa. Tumia "ya ubavuni, upande wa ndani" kwa moja, na "ndani ya kiungo" kwa nyingine.

Kwenye vitenzi lugha yetu ni tajiri, usiishie kwenye "kuumia". Goti ndilo huteguka; ligamenti haiteguki wala haivunjiki. Ligamenti huvutika ikalegea. Huchanika, kama kitambaa, ikiwa baadhi ya nyuzi zimesalimika. Hukatika, kama kamba, ncha mbili zikaachana. Hunyofoka, ikatoka na kijipande cha mfupa ilichokuwa imekishika, na hapo daktari anaweza kukirudisha kijipande hicho na kukifunga mahali pake bila kuvuna kano popote. Mgonjwa aliyeambiwa imenyofoka na aliyeambiwa imekatika wanaweza kuelekea kwenye upasuaji tofauti kabisa.

Na kichwa cha karatasi yako kisiwe "Kutengenezewa goti", kwani wengi wataelewa ni kuwekewa goti bandia. Andika "Kujengewa upya ligamenti ya goti".