Sukari ya vikombeni na ini la mwanangu

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka 11 nilipoona kwamba ngozi ya nyuma ya shingo yake imekuwa nyeusi na nene, nami kwa wiki kadhaa nikawa naisugua kwa dodoki nikidhani ni uchafu. Weusi ule haukutoka. Daktari wa watoto alipouona, aliuliza kuhusu vinywaji kabla ya kuuliza kuhusu chakula, kisha akaagiza vipimo vya damu na ultrasaundi ya tumbo. Majibu yalionyesha kwamba ini lilikuwa limejaa mafuta na kwamba insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, haifanyi kazi yake ipasavyo, na hiyo ndiyo iliyoleta weusi wa shingoni. Nilishtuka, kwa sababu nilizoea kusikia ugonjwa wa ini ukihusishwa na pombe, na kwa sababu majirani zetu hapa Dar es Salaam walikuwa wakinisifu kila siku kwamba mtoto wangu amenawiri.

Nilichoelezwa siku ile ndicho ninachotaka kila mzazi akijue. Nusu ya sukari tunayotia kwenye chai ni glukosi, ambayo hutumiwa na karibu kila kiungo cha mwili. Nusu nyingine ni fruktosi, na hiyo kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini. Ini likiletewa fruktosi nyingi kwa mkupuo, kama inavyotokea mtoto anapomaliza chupa ya soda kwa dakika chache, huigeuza kuwa mafuta, ambayo mengine hubaki humo na mengine huingia kwenye damu. Ini lenye mafuta haliitikii insulini vizuri, hivyo kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, hulazimika kutengeneza zaidi na zaidi, na kwa miaka kadhaa hali hiyo inaweza kumfikisha mtoto kwenye kisukari cha aina ya pili. Wakati wote huo mara nyingi mtoto huwa hasikii maumivu yoyote.

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Tulikuwa watu watano, na kilo mbili za sukari zilikuwa zikiisha kila wiki, yaani takribani gramu 57 kwa kila mtu kwa siku, kabla ya kuhesabu juisi ya boksi aliyokwenda nayo shuleni na soda ya jioni. Chupa ya kola ya mililita 350 peke yake ina takribani gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpunguzia mtoto wali na kumkataza soda huku dada zake wakiendelea kuinywa mbele yake. Alikuwa akila kwa kujificha, akilia, na mimi nilikuwa nimemfanya ajione mkosaji. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wavulana 40 wenye mafuta kwenye ini. Nusu yao walikaa wiki 8 kwa mlo wenye sukari kidogo sana, na wastani wa mafuta kwenye ini ukashuka kutoka asilimia 25 hadi 17, ilhali kwa wenzao walioendelea na mlo wao wa kawaida ulitoka asilimia 21 hadi 20 tu. Kilichonigusa zaidi ni kwamba watafiti walipanga na kutoa chakula cha kaya nzima, si cha mtoto peke yake.

Basi tukaanza upya, sote. Soda na juisi za boksi hazikuingia tena nyumbani. Chai tuliipunguzia nusu kijiko kila wiki, tukaongeza iliki na mchaichai, na kufikia mwezi wa pili hakuna aliyelalamika. Embe tunalila lenyewe badala ya kulikamua, kwa kuwa nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia mwilini na tena humshibisha mtoto. Asali na sukari guru hazikuwa njia ya mkato, maana nazo zina fruktosi. Wali, maharage, samaki na mboga alikula hadi akashiba. Mtoto anayekua hapaswi kulazwa na njaa.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa likizo za Tanga. Bibi yake humkaribisha kwa soda, na kwake hayo ni mapenzi. Sikutaka kumkosoa mbele ya wajukuu, kwa hiyo niliketi naye faragha, nikamweleza majibu ya vipimo, nikamwomba awawekee machungwa ya Muheza. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema.

Nawasihi wazazi wasinunue dawa za kusafisha ini zinazouzwa mitaani, na wasisubiri dalili: mtoto mnene mwenye shingo nyeusi apelekwe kupimwa. Baada ya miezi sita uzito wa mwanangu ulikuwa karibu uleule, lakini alikuwa amerefuka, na vimeng'enya vya ini katika damu, ambavyo hupanda ini linapoumia, vilikuwa vimerudi kiwango cha kawaida. Weusi wa shingoni unafifia polepole. Kilo moja ya sukari sasa inatutosha wiki tatu, na ultrasaundi yake itarudiwa mwezi Desemba.