Hesabu kwanza miezi nyumba itakayokaa tupu

Swali la wiki hii linauliza kama mwenye nyumba wa mkoani anapata faida akiweka samani na kuwapangisha wataalamu wanaokuja kikazi kwa miezi michache, badala ya kuiacha bila samani na kumpangisha mtu kwa mwaka. Mimi naishi Kigoma mjini, na nyumba ya familia yetu iliyoko Katubuka tunaipangisha hivyo. Jibu langu ni ndiyo, lakini faida yake ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani, na inaweza kuliwa yote na miezi ambayo mlango umefungwa.

Wageni wapo, hilo halina ubishi. Mkataba wa kujenga reli ya SGR kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na reli haijengwi na watu wa hapa peke yao. Kuna watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi, kuna watafiti wanaopanda boti Kibirizi kwenda Gombe, kuna wakaguzi wa hesabu na madaktari. Mtu wa namna hii akikaa gesti wiki ya kwanza anavumilia. Ikifika wiki ya nne amechoka na chipsi, anataka anunue mgebuka wake sokoni, aupike kwa mawese apendavyo, afue nguo zake, alale bila muziki wa baa dirishani.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba isiyo na samani ya laki mbili kwa mwezi inakupa 2,400,000 kwa mwaka, na mpangaji anajilipia umeme na maji. Ukiweka samani ukapangisha kwa 450,000, ukapata wageni wa miezi minane, umeingiza 3,600,000. Toa maji, intaneti na malipo ya dada wa usafi, tuseme 90,000 kila mwezi wenye mgeni, yaani 720,000. Umebaki na 2,880,000. Tofauti ni 480,000 tu, na bado hujanunua kitanda, friji, jiko la gesi wala godoro! Lakini wageni wakikaa miezi kumi, unabaki na 3,600,000, na tofauti inapanda hadi 1,200,000. Ni nyumba ileile na makochi yaleyale, ila miezi miwili tu imeongezeka. Ndiyo maana nawasihi wenzangu wasikope benki ili kujaza nyumba samani. Anza na vya lazima, vingine viongezwe na kodi inayoingia. Mafundi wetu wanatengeneza vitanda na meza za mninga zinazodumu, hakuna sababu ya kuagiza vya kung'aa kutoka Dar.

Basi miezi mitupu inapunguzwaje? Hapa ndipo nataka nieleweke vizuri. Marekani, ambako aina hii ya upangishaji imeshamiri, manesi wa mikataba mifupi, mara nyingi ya wiki 13, huhama hospitali moja hadi nyingine, na zipo tovuti maalumu za kuwaunganisha na wenye nyumba. Sisi hatuna mkondo kama huo. Tunacho kitu kingine: wageni wa kazi hupokezana. Injinia akimaliza muda wake, ofisi yake inamleta mwingine, na anayemtafutia makazi ni afisa utawala yuleyule. Huyo ndiye wa kumtunza. Mpelekee picha za kweli, mwambie mapema nyumba itakuwa wazi lini, na bomba likiharibika lirekebishwe siku hiyohiyo, kwa sababu malalamiko ya mgeni mmoja yanaishia mezani kwake. Dalali anakuletea mpangaji mmoja na kuondoka na kodi ya mwezi mzima. Afisa utawala akikuamini, anakuletea wa leo na atakayemfuata.

Ofisi, hata hivyo, hailipi kienyeji. Itataka mkataba wa maandishi, namba ya mlipakodi na risiti, na itakata kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani kodi ya serikali inayotolewa kwenye pango kabla hujalipwa, na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi wanashtuka wakiona malipo yamepungua, wakati jambo hilo lilipaswa kuwemo kwenye bei tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna mazoea yetu ya kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa mgeni wa miezi mitatu hayana maana kabisa. Unamfukuza kabla hajaona chumba. Chukua mwezi kwa mwezi, pamoja na amana ya mwezi mmoja. Andikeni orodha ya kila kitu kilichomo, hadi sufuria na mashuka, msaini wote wawili mkiwa ndani ya nyumba, na ipigwe picha. Orodha hiyo inalinda amana ya mgeni kama inavyolinda friji yako. Mtambulishe pia kwa mwenyekiti wa mtaa, hasa akiwa mgeni kutoka nje ya nchi.

Kuhusu vitu vya ndani sitasema mengi. Meza ya kazi yenye kiti kizuri inathaminiwa kuliko televisheni kubwa. Weka tangi la akiba ya maji. Mita ya LUKU iwe ya nyumba hiyo peke yake, mgeni anunue umeme wake, maana mita ya kuchangia huleta ugomvi usioisha. Taa za kuchaji ziwepo.

Nina ombi moja kwa wanaotaka kuanza. Kama ndani ya nyumba yako kuna mwalimu na watoto wake, wanalipa vizuri na shule wanakwenda kwa miguu, usiwatoe kwa ajili ya mgeni wa 450,000. Mpangaji huyo hakupi miezi mitupu, na nyumba za familia hapa mjini zinahitajika. Tumia ile ambayo tayari imefungwa, au banda la uani lenye choo na jiko lake. Sisi tulianza na nyumba iliyokuwa imefungwa baada ya wazazi kurudi kijijini, na hakuna mtu aliyelazimika kubeba virago vyake.