Mama mdogo hajachelewa kudai haki

Pole, dada. Nimekuelewa: mama mdogo wako alishikwa na waasi wa kundi la UPC kule Ituri, Kongo, mwaka 2003, wakamfanya mtumwa wa ngono, na leo anataka fidia na serikali imwombe msamaha.

Jinai hiyo haifutwi na miaka. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimtia hatiani Bosco Ntaganda, kamanda wa UPC, mwaka 2019, utumwa wa ngono ukiwemo, akafungwa miaka 30. Ulizeni Mfuko wa Wahanga wa mahakama hiyo kama bado unaandikisha, na pia FONAREV, mfuko wa taifa la Kongo wa kuwalipa wahanga fidia.

Kwanza apate mwanasheria na mshauri wa kisaikolojia. Kusimulia kunatonesha kidonda. Anayedai pesa ili amwandikishe ni tapeli. Jina la mama mdogo usilitaje hadharani.

Msamaha ndio mgumu. Kim Hak-sun wa Korea, aliyefanywa mtumwa wa ngono na jeshi la Japani wakati wa vita, alijitokeza 1991, na wenzake wangali wanaidai Japani msamaha.