Usimuulize mama kama anasikia harufu, mjaribu

Ndugu yangu, umeandika kwamba mama yako mwenye miaka 76 anaishi peke yake Buruburu, kwamba siku hizi pilau haimnukii, na kwamba huna wasiwasi juu ya jiko la gesi kwa kuwa ulipomuuliza alikuhakikishia pua yake ni nzima. Ukamalizia kwa kuuliza umnunulie marashi gani. Hapo kwenye “nilimuuliza” ndipo chai iliponipalia.

Mimi pia nilimuuliza baba, tena kila Jumapili nilipokwenda kwake Umoja. Alikuwa akinieleza moshi wa kuni jikoni kwa bibi na vumbi lililoloweshwa na mvua ya kwanza, kwa ufasaha ulionifanya niondoke nimeridhika kabisa. Sikutambua kwamba nilikuwa ninapima kumbukumbu, wala si pua. Nyingi kati ya kumbukumbu zinazoamshwa na harufu hutoka katika miaka kumi ya kwanza ya maisha, na mzee huweza kuzisimulia vizuri hata kama pua yenyewe imeshalala.

Jumamosi moja nilifungua mlango wake nikapokewa na harufu ya gesi iliyonikohoza. Baba alikuwa mezani akisoma gazeti, kiberiti kando ya mkono wake, akingoja saa ya chai. Mpira wa mtungi wa kilo 13 ulikuwa umepasuka karibu na klipu. Nilifunga regulata, nikafungua madirisha bila kugusa swichi yoyote, nikamtoa nje, naye akawa ananiuliza kwa nini ninamkokota kama mwizi wa kuku. Mimi ni mhandisi, msinicheke.

Aliyenipoteza ni fundi aliyetufungia jiko lile, ambaye alituapia kwamba gesi imetiwa harufu makusudi na hata mtoto ataisikia. Mtoto, naam! Baba alikuwa na miaka 79, na hakuna aliyemuuliza fundi habari za watoto. Utafiti wa Beaver Dam, Wisconsin, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2002, ulikuta zaidi ya watu 60 katika kila 100 wenye miaka 80 na zaidi wamepungukiwa na uwezo wa kunusa, na kadiri umri ulivyosogea ndivyo majibu yao kuhusu pua zao yalivyozidi kukosea. Hawadanganyi, harufu huondoka polepole mno kiasi kwamba mwenyewe hana siku anayoweza kusema ilipotea.

Basi usimuulize. Mfumbe macho, umsogezee karafuu, ganda la limau na kahawa, kimoja kimoja, bila kutaja jina. Akishindwa, nunua king’ora cha gesi leo hii na ukifunge chini karibu na sakafu, kwa maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Nilipomsogezea baba kikombe cha kahawa iliyosagwa, alivuta pumzi mara mbili, akaniambia niache mchezo, kikombe ni kitupu.