Nilivyoitwa Bwana Jalada pale Kirumba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Sengerema kaniandikia: "Kaka, nitajie kitabu kimoja tu cha kuanzia. Jioni tukikaa, wenzangu wanabishana vitabu, mimi nabaki kunywa kahawa. Nataka kimoja kitakachonitosha kubishana."

Ujumbe ule nimeusoma mara tatu. Hakusema anataka cha kusoma. Anataka cha kubishania. Mdogo wangu, ugonjwa huo naujua, nimeuugua, na dawa yake nilinyweshwa mbele za watu. Kwa hiyo jina la kitabu utalisubiri kidogo. Kwanza kaa nikupe kisa.

Kijiwe chetu kipo Kirumba, hapa Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Upepo ukigeuka, kahawa inanukia dagaa. Tupo fundi simu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, dereva wa hiace, kijana anayepakia magunia kwenye malori, mimi, na mama mmoja wa Ukerewe anayeuza dagaa kwa jumla. Yeye huja tu kumalizia hesabu zake pale kwenye benchi kwa sababu taa ya muuza kahawa ni kali kuliko ya kibandani kwake. Siku za kawaida ni Simba na Yanga. Jumamosi, sijui ilianzaje, ni vitabu.

Ubishi wa kwanza ninaoukumbuka ulikuwa wa Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba. Mwalimu alisema zile si fasihi, ni bangi ya vijana. Fundi simu akaja juu: "Mzee, hiyo bangi ndiyo iliyonifundisha kusoma. Nilikuwa nasoma mpaka kibatari kinakauka mafuta, mama anagombeza." Mimi nikakaa upande wa Mwalimu. Nikatoa maneno makubwa kuhusu fasihi pendwa na fasihi nzito, watu wakatikisa vichwa. Wakati huohuo chini ya kitanda changu kulikuwa na Kufa na Kupona ya huyohuyo Musiba, haina jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mende, nimeisoma mara nne.

Huo ndio mwanzo wa kuoza. Unaanza kwa kukikana kitabu unachokipenda, unaishia kukisifia usichokijua.

Jumamosi nyingine ilikuwa zamu ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, kitabu cha mwaka 1971 kilichowahi kupigwa marufuku mashuleni. Dereva alishikilia kwamba binti kajiharibia mwenyewe, baba alikuwa anamlinda tu. Yule mama wa dagaa, ambaye huwa hachangii, akasema bila kuinua kichwa: "Baba mlevi, anampiga mtoto kwa barua ya mvulana, halafu mtoto akienda shule akakutana na dunia hajui aishike wapi. Hapo unamuuliza mtoto?" Kijiwe kikanyamaza. Muuza kahawa akasahau kumimina. Nikawaza, huyu mama kumbe anasoma. Nikaona wivu, nasema kweli. Wivu kwa mtu ambaye hakuwa anashindana na mimi.

Sasa njoo kwenye siku yenyewe.

Mazungumzo yalikuwa yamefika kwa waandishi wa Ukerewe. Hapa Mwanza tunapenda kujisifu kwamba kisiwa kile kimoja kimetupa Kitereza, Kezilahabi na Ruhumbika, kana kwamba tuliwasaidia kushika kalamu. Nikaona uwanja umefunguka. Nikaweka kikombe chini, nikasema kwa sauti ya mtu aliyelala na kitabu kifuani: "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Kitereza ni kazi kubwa. Lakini sifa nyingine mpeni Ruhumbika. Tafsiri yake ndiyo iliyokipa kile kitabu Kiswahili kitamu."

Mama alikuwa anahesabu noti. "Tafsiri ya nani?"

"Ya Ruhumbika, mama."

"Ruhumbika alikipeleka kwenye Kiingereza, juzijuzi tu, 2002. Kiswahili alikiandika mzee Kitereza mwenyewe."

Hapo mtu mwenye akili angesema asante mama, sikujua. Maneno matatu, basi. Mimi nikasema, "Labda wewe umeona toleo lingine." Kumwambia mtu wa Ukerewe, tena mtu mzima wa umri wa mama yangu, kwamba labda kaona toleo lingine!

Mwalimu akavua miwani. Ukimuona Mwalimu anavua miwani, ujue kuna mtu anatahiniwa. "Hebu tukumbushe, kijana wetu. Bugonoka aliondokaje kwa mumewe?"

"Waligombana," nikasema.

Mama akafunga noti kwa mpira, akaziweka kwenye khanga, ndipo akanitazama. "Hawakugombana, baba. Walipendana. Wazazi wake ndio waliomrudisha kwao, kwa sababu mtoto hakuna na maneno ya ndugu wa mume yamezidi. Myombekere akaenda ukweni kuomba radhi, akatozwa pombe ya ndizi. Mwanzo wote wa kitabu ni hao wawili wanatafuta mtoto." Akasema pole, hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Kumbe," Mwalimu akasema, "mwenzetu kasoma jalada."

Walicheka mpaka dereva akamwaga kahawa. Tangu siku hiyo mimi ni Bwana Jalada. Naitwa hivyo kijiweni, naitwa hivyo stendi, na mwezi uliopita kondakta nisiyemfahamu kabisa kaniita, "Jalada, sogea kidogo mama akae." Wanasema utani ni utani. Sawa. Ila nitasema hapa kwa sababu hapa ni kwangu: mtu mzima aliyefundisha darasani miaka yote ile angeweza kunivuta pembeni. Hakunivuta. Bado nina kinyongo kidogo, na yeye anajua.

Wiki tatu sikukanyaga kijiweni. Nilichemsha kahawa nyumbani, ikawa chungu tu bila sababu. Ndipo nikakaa na ukweli wangu. Kile kitabu nilikuwa nimekiona mara moja kwa muuza vitabu wa chini, mjini. Nikakigeuza, nikasoma nyuma, nikaona unene wake, nikakirudisha. Jina la Ruhumbika nililiokota kwenye simu. Na kitabu chenyewe mzee alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Akakaa nacho, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Mtu kasubiri miaka 35 ili asomwe, mimi nimeshindwa kumpa hata sura moja kabla ya kumsifia Ruhumbika kwa tafsiri isiyo yake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako kijana wa Sengerema, na kwenu nyote, maana najua mnaosoma hapa mnataka kuwa wasomaji wa kweli kama mimi: usibishane kitabu ambacho hujakimaliza. Ukibanwa, sema "sijakisoma". Jifunze kulisema mapema, liseme mara nyingi, mpaka ulimi uzoee. Mimi sasa nalisema kila Jumamosi, na ajabu yake, mtu akisikia hujakisoma anakuhadithia vizuri kuliko akidhani umekisoma.

La pili ni kupendekeza. Hapa pia nina dhambi. Kinyozi wangu wa Igogo aliwahi kuniomba kitabu, nikampa Nagona ya Kezilahabi. Kwa nini Nagona? Kwa sababu ni chembamba, na kwa sababu nilitaka anione mtu wa mawazo mazito. Wembamba wa Nagona ni mtego, ndani ni fumbo tupu, anayekijua anajua. Baada ya wiki mbili akanirudishia kimefungwa vizuri kwenye gazeti, akasema, "Kaka, kitabu chako kinaumwa." Hajaniomba kingine mpaka leo. Nywele ananinyoa, vitabu hataki kusikia. Huyo ni msomaji niliyemuua mimi, kwa mikono yangu, kwa kutaka sifa.

Nilipopata akili nikabadilisha swali. Siku hizi simuulizi mtu anapenda nini, kwa sababu watu hudanganya hapo, kila mtu anapenda Shaaban Robert ukimuuliza mbele ya wenzake. Namuuliza kitabu gani alikiacha njiani na kwa nini. Hapo hasemi uongo, maana hakuna sifa ndani yake. Yule kijana wa magunia aliniambia aliacha vyote alivyosomeshwa shule "kwa sababu hakuna mtu anayefanya kazi mle ndani, wote wanaongea tu." Nikampa Kuli ya Shafi Adam Shafi, ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao. Alikimaliza kwa siku sita, huku anafanya kazi ya usiku. Aliporudi nacho kilikuwa na vidole vya mafuta kila ukurasa, na kwenye ukurasa mmoja gamba la dagaa limegandia kama alama. Hakusema kizuri wala kibaya. Alisema, "Bwana Jalada, hawa jamaa walikuwa wanalipwa vibaya kama sisi," kisha akabishana na Mwalimu saa nzima kuhusu mgomo, na Mwalimu akashindwa. Nilifurahi. Nilifurahi zaidi ya inavyotakiwa.

Sasa nina daftari la kuazimisha. Tangu Januari vimetoka vitabu 19, vimerudi 16. Vitatu najua viko wapi, na mmoja wa waliovikalia anasoma maneno haya. Watu wananiuliza siri ni nini. Siri ni hiyohiyo niliyosema: muulize mtu alichoacha njiani. Muulize. Usimpe kinachokupamba wewe. Muulize kwanza. Najua narudia, lakini jamani, wangapi wameua wasomaji kwa kutaka kuonekana?

Na ukibishana, bishana kwa kitabu kikiwa mkononi. Hilo nalo nimeshalisema.

Jina ulilotaka, kijana wangu, bado sina, kwa sababu hujaniambia uliacha kipi. Niandikie tena.

Mimi mwenyewe kile kinene nilikipata mwishowe. Niliazimwa, na aliyeniazima ni yule mama. Alikileta kijiweni kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya ndoo, jalada limetoka zamani, akaniwekea magotini bila maneno. Nilikipakia kwenye meli ya Nansio, kule Ukerewe, nilipoenda kwenye msiba wa rafiki, nikakisoma safari nzima, nikapitiliza hata kuangalia visiwa. Jumamosi hii nilirudi kijiweni, nikamwamkia. Kabla ya kuitikia vizuri akauliza, "Umefika wapi?"

"Ukurasa wa 214, mama."

"Bugonoka?"

"Kashika mimba."

Akarudi kwenye noti zake. Mwalimu akavua miwani.