Ndege ya rimoti inainua pua halafu inadondoka

SWALI: Habari za kazi, mi msomaji wenu niko Mbeya. Nimeunda ndege ya rimoti ya umeme kwa fomu (lile povu gumu jepesi), bawa mita 1, yote pamoja na betri ina gramu 700. Mota ni 2212 ya KV 1000, propela 10x4.5, betri ya lithiamu (lipo) ya seli 3. Nikiirusha kwa mkono inainua pua, inasimama hewani kidogo halafu inadondoka. Jamaa yangu ananiambia mota ndogo ninunue kubwa. Ni kweli?

JIBU: Hela ya mota iache mfukoni kwanza ndugu yangu, hiyo uliyonayo inatosha kabisa kwa gramu 700. Dalili ulizotaja ni za uzito kukaa nyuma. Chukua rula pima upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele mpaka wa nyuma, tuseme ni sentimita 20, basi ndege inatakiwa ibalansi kati ya sentimita 5 na 6 na nusu kutoka ukingo wa mbele (hapa nasema bawa lililonyooka, la pembetatu lina hesabu zake). Weka alama chini ya bawa pande zote mbili, inyanyue kwa ncha za vidole ikiwa na kila kitu ndani, betri ikiwemo. Mkia ukilala sogeza betri mbele, na kama haina pa kusogea ndo uweke kipande cha madini ya risasi puani. Pua ikiinama kidogo tu we iache hivyo hivyo.

Angalia na eleveta (kile kibao cha nyuma ya mkia kinachopanda na kushuka), washa rimoti kwanza ndo uchomeke betri, usiguse stiki, eleveta ilale sawa na mkia, maana ikiwa imekaa juu hata kidogo pua itapanda tu. Ukivuta stiki kwako inapanda. Ila kazi zote hizi za mezani TOA PROPELA, watu wamekatwa vidole kwa sababu ya mota iliyojiwashia.

Halafu hapo Mbeya mko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, ndege inahitaji mwendo zaidi. Geukia upepo unakotoka, mota karibu fulu, rusha ikiwa imenyooka, sio kuielekeza juu.

SWALI: Mota yangu inapuliza upepo mbele badala ya nyuma, nigeuze waya za betri?

JIBU: Weee, usijaribu, spidi kontrola (kile kifaa kati ya betri na mota kinachoongoza mwendo wa mota) itaungua hapo hapo! Kati ya zile waya 3 zinazotoka kwenye kontrola kwenda kwenye mota badilisha 2 zozote, itazunguka upande wa pili. Na maandishi ya propela yatazame mbele, ndege inakoelekea, wengi wanaifunga kinyume halafu wanalaumu mota.