Kabla ya kuingia kijijini, isome karatasi ya zamani

Kijana unayeanza kazi ya mipango ya matumizi ya ardhi huku Tabora, utapewa picha za setilaiti na jipiesi (GPS), kifaa cha kukuonyesha ulipo. Omba pia karatasi za zamani za ramani za 1:50,000, zilizochorwa kutokana na picha za ndege. Sentimita 2 ni kilomita 1, kwa hiyo hata nyumba mojamoja huonekana kama kidoti cheusi.

Anzia pembeni, kwenye maandishi madogo. Karatasi huchapwa baada ya picha kupigwa, na unachokiona ni hali ya mwaka wa picha.

Halafu tazama vidoti. Karatasi za kabla ya miaka ya 1970 zinavionyesha vimetawanyika kama mtama uliomwagika, kila kaya na shamba lake. Leo nyumba nyingi zimejipanga kando ya barabara. Hapo katikati ilipita Operesheni Vijiji: Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji. Watu walihama, na pengine walihama na jina la mahali. Ndiyo maana unaweza kulikuta jina porini, kilomita kadhaa kutoka kijiji cha sasa. Usikimbilie kuandika kwamba ramani imekosea. Msalimie mzee, umuulize mahame, yaani makazi yaliyoachwa, yako wapi. Atakupeleka kwenye miembe na mistari ya minyaa iliyokuwa ua wa maboma. Na hapo usikilize kwa makini, maana migogoro mingi ya mashamba huanzia huko: mjukuu anadai shamba la babu yake, na halmashauri ya kijiji ilishamgawia mwingine. Kwangu mimi, hiyo peke yake inatosha kuitafuta karatasi.

Wilaya ya Urambo, hukuhuku Tabora, usiisome kwa jicho hilohilo. Kule ardhi ilifyekwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, kisha ikaja tumbaku.

Mbugani, kwenye bonde tambarare penye alama za buluu za maji ya msimu na hakuna kidoti hata kimoja, siku hizi utakuta majaruba ya mpunga. Kwa kuwa mpunga umeingia hapo, waulize wafugaji ng'ombe wao wanalisha wapi kiangazi.

Ukitafuta kisima cha kwenye ramani, weka jipiesi kwenye Arc 1960, mfumo wa vipimo uliotumika kuchora karatasi hizo. Ukiiacha kwenye WGS84, mfumo wa kawaida wa jipiesi, utasimama takribani mita 300 mbali nacho.